Shajara ya mradi: gofu ya hisani kwa heshima ya Leonard Mambo Mbotela

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Kamati imekaa leo kwa mara ya kwanza na mimi nimekabidhiwa ukatibu. Nitaandika kila hatua hapa, wanaotuchangia waone pesa zao zinaelekea wapi, na wenzetu wa miji mingine wapate pa kuanzia wakitaka kufanya jambo kama hili.

Tunaandaa mashindano ya gofu ya siku moja, mashimo 18, kuchangia shule ya wanafunzi wasioona iliyoko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Yanafanywa kwa heshima ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki tarehe 7 Februari mwaka huu akiwa na miaka 84.

Waliokua na redio hawahitaji kuelezwa yeye ni nani. Kwa vijana: Mambo alizaliwa Frere Town, hapa Mombasa, tarehe 29 Mei 1940, katika ukoo wa watumwa walioachiwa huru. Frere Town yenyewe ilianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kuwapokea watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Mwaka 1964 aliingia Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 ni KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichosikika kwa zaidi ya miaka 50. Na alitangaza mpira. Alikuwa wa kizazi cha kwanza cha watangazaji wa Kenya huru, waliotangaza kandanda kwa Kiswahili hadi nyumba isiyokuwa na tiketi wala televisheni ikawa imehudhuria mechi.

Tumeshaulizwa, na tutaulizwa tena, gofu imeingiaje kwa mtu wa kandanda. Jibu la kwanza ni la mfuko. Katika gofu mchezaji hulipa ili acheze, na kampuni zimezoea kulipia shimo zikaweka bango lao hapo. Mechi ya kandanda ya hisani huleta umati na shangwe, lakini ukishalipia uwanja, ulinzi na waamuzi, sanduku halina kitu. Jibu la pili nimelitoa mimi na kamati ikaliafiki. Mwanagofu kwa kawaida hana mwamuzi anayemfuata. Hujihesabia mikwaju mwenyewe, na akivunja kanuni pasipo kuonekana na mtu, hujitoza adhabu. Kanuni ya 1 ya mchezo huu, kabla ya kanuni za fimbo au za mpira uliopotea, inaeleza mwenendo unaotakiwa kwa mchezaji. Mtu aliyetumia miongo mitano kuwauliza Wakenya kama walilotenda ni ungwana angekuwa na mengi ya kusema hapo.

Barua ya kuomba baraka za familia imeandikwa leo leo. Jina lake halitawekwa kwenye bango lolote kabla ya jibu.

Jumamosi, 27 Septemba

Baraka zimepatikana. Tunashukuru sana.

Tarehe nayo imepatikana, baada ya mjadala mrefu. Mwenyekiti alitaka 29 Mei, siku ya kuzaliwa, akisema mtu akumbukwe kwa siku ya furaha. Ni hoja nzuri, ila Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na uwanja wa gofu uliojaa maji haulimwi wala hauchezwi. Mwaka ujao tarehe hiyo pia ni Ijumaa, na haiko mbali na Idi ya kuchinja. Tarehe 7 Februari 2026 ni Jumamosi. Itakuwa mwaka kamili tangu atutoke, kaskazi itakuwa inavuma, ardhi kavu, na Ramadhani inatazamiwa kuanza kama siku kumi hivi baadaye, kwa hiyo makedi (wanaowabebea wachezaji mifuko ya fimbo) na wapishi, ambao wengi wao ni Waislamu, hawatakuwa wamefunga juani. Kumkumbuka marehemu anapotimiza mwaka ni desturi yetu sote, wa kanisani na wa msikitini. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyefunga mjadala: "Haya, ndugu zangu, iwe Februari."

Jumamosi, 4 Oktoba

Pesa. Nitalieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hisani nyingi za gofu huharibika.

Mashindano ya namna hii yana gharama za kweli: ada ya uwanja, makedi, chakula, vikombe, mabango, maji. Waandaaji wakichanganya kila kinachoingia kwenye kapu moja, gharama hula kwanza na wahitaji hupewa makombo, halafu mtu anapigwa picha ameshika hundi kubwa ya karatasi. Sisi tumetenganisha. Ada za wachezaji zitabeba gharama za siku. Pesa za wafadhili wa mashimo yote 18 zitakwenda shuleni bila kukatwa hata shilingi, kwenye akaunti ambayo mwalimu mkuu ni mmoja wa watia sahihi wake. Ada zikizidi gharama, ziada inafuata njia hiyo hiyo. Zikipungua, sisi wanakamati tutajaza.

Wachezaji watakuwa 72, wanne kwa kila shimo, wote wakianza kwa pamoja. Kuna aliyependekeza makundi mawili kwa kila shimo ili idadi iongezeke maradufu. Pesa zingeongezeka, lakini watu wangekwama juani wakisubiriana, na mzunguko wa saa tano ungekuwa wa saa saba. Hawarudi tena wachezaji wa namna hiyo. Nasi tunataka jambo hili lirudi kila mwaka.

Gari la zawadi kwa atakayetumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja tumelikataa. Gari lile huwekewa bima, malipo ya bima hutoka kwenye mchango, na ni nadra mtu kulishinda.

Mimi na mhazini tulivuka feri kwenda shuleni kuuliza wanahitaji nini, badala ya kuwachagulia. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika orodha: mashine za kuandikia Breli, karatasi zake, vinasa sauti, na redio. Karatasi ya Breli ni nzito na ghali, na ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hula zaidi ya kurasa mbili za Breli, kwa hiyo rimu huisha haraka. Hayo tuliyatarajia. Redio ndizo zilizotushangaza.

"Wanapenda mpira hawa watoto," akasema mwalimu. "Lakini watangazaji wa siku hizi wanatangaza kama kwamba kila mtu anaona. Anapiga kelele, anacheka na mwenzake, anataja jina la mchezaji tu. Mtoto ananiuliza, mwalimu, mpira uko wapi?"

Tumerudi kwenye feri tukizungumza hilo tu. Jioni nimepeleka pendekezo kwenye kamati: mashindano haya yatangazwe, moja kwa moja, kwa Kiswahili, kwa msikilizaji asiyeona. Bango na kikombe chenye jina lake ni vyema, lakini mtangazaji huheshimiwa kwa kutangaza. Limepita bila pingamizi. Redio moja ya jamii imetupa muda wa saa mbili asubuhi, na spika zitawekwa nje ya lango la klabu kwa majirani wasio na kadi ya uanachama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jaribio la kwanza la matangazo. Watangazaji ni wawili, wote vijana: binti wa Kisauni anayetangaza mechi za mitaani, na kijana anayesomea uanahabari. Mzee mmoja aliyestaafu utangazaji zamani amekubali kuwasimamia, na hataki malipo.

Nimesikiliza rekodi usiku huu na haifai bado. Vijana wana sauti nzuri na bidii, shida ni mchezo. Katika kandanda mpira hautulii na mtangazaji huukimbiza. Katika gofu mchezaji hutembea, hutazama, hunong'onezana na kedi, hubadilisha fimbo, hurudi nyuma, na mkwaju wenyewe ni chini ya sekunde mbili. Mpira hukaa hewani sekunde sita hivi. Halafu watu huanza kutembea tena. Vijana wetu waliujaza muda huo kwa kutaja vyeo vya wachezaji na kuwashukuru wafadhili. Nilifumba macho nikajaribu kuuona uwanja na sikuuona.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku kubwa hadi sasa. Tuliwaalika wanafunzi wa gredi ya saba na ya nane kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu, waje kuusikiliza uwanja na watangazaji.

Mkuu wa makedi aliwapokea, na alilielewa jambo hili kuliko sisi wote. Kwanza aliwapa mpira mkononi wakapapasa vishimo vyake, wakaambiwa uzito wake haupiti gramu 46. Akawapa fimbo, ya mbao ndefu na ya chuma fupi, washike na kupima tofauti. Kisha akawapeleka kwenye grini ya mazoezi, yaani sehemu ya nyasi fupi palipo na shimo, akawaambia wavue viatu. Nyasi za pale hukatwa hadi kubaki milimita chache. "Tembeeni polepole, mnieleze uwanja umeinamia wapi." Wakatembea kutoka kwenye mpira hadi kwenye shimo, wakahesabu hatua, wakapiga magoti na kuingiza mikono ndani ya shimo, ambalo upana wake ni milimita 108. Mtoto mmoja alisema mteremko unaanza hatua mbili kabla ya shimo na unavuta kushoto. Mkuu wa makedi akachuchumaa kutazama. Ilikuwa hivyo kabisa.

Ndipo tukawaketisha chini ya mwembe nyuma ya shimo la kwanza, kila mmoja na visikizio, na binti wetu wa Kisauni akaanza. Wachezaji wanne wa klabu walijitolea kucheza. Wa kwanza akapiga, na binti akapaza sauti: mpira huoo, mpira huoo, umekwenda mbali kabisa!

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Dada, samahani. Mbali wapi?"

"Mbele huko, karibu na grini."

"Mbele ya nani? Mimi nimekaa hapa. Bahari iko upande gani wangu?"

Binti akanyamaza kidogo, akajibu iko kulia. Msichana akageuza uso kulia, akatulia, akasema, "Sasa endelea."

Mvulana aliyekuwa kando yake akauliza swali jingine. Mchezaji wa pili alikuwa amepiga, na mtangazaji akasema ni mkwaju mzuri. "Si mzuri," akasema mvulana. "Wa kwanza ulilia mkavu. Huu umekula udongo kwanza." Sote tukatazama mbele. Mpira ulikuwa umeishia nusu ya safari, mbali na ulikokusudiwa, na nyuma ya miguu ya mchezaji palikuwa na bonge la nyasi lililong'oka.

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Walitaka kujua upepo unatoka wapi na unampiga mchezaji usoni au mgongoni. Walitaka umbali kwa hatua, kwa kuwa hatua wanazijua na yadi hawazijui. Walitaka kuambiwa mchezaji anapotikisa kichwa, na anapocheka. Walitaka watangazaji wanyamaze mtu anapopiga, ili mlio wausikie wenyewe. Hakuna aliyetaka kusikia mtu ni mkurugenzi wa nini.

Mzee wetu mstaafu alikaa pembeni muda wote. Mwisho aliwaita vijana wake akawaambia: "Wanangu, zamani redioni tulimpa msikilizaji uwanja kwanza, ndipo tukampa mpira. Hawa wamewafundisha leo kwa saa tatu zaidi kuliko nitakavyowafundisha mimi." Binti alikuwa ameandika kila swali kwenye daftari. Nimemwomba nilinakili liwe sehemu ya kumbukumbu za mradi.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumekutana na makedi, wao na kamati, bila uongozi wa klabu, ili waseme kwa uhuru. Walileta maombi mawili. Malipo ya siku hiyo yajulikane mapema, yasitegemee mkono wa mchezaji. Na wale chakula kile kile, mahali pale pale. Yote mawili yamekubaliwa. Nashangaa kwamba lilihitajika ombi. Kedi hubeba mfuko wa watu wa hisani kutwa nzima katika jua la Februari, na wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianzia kwenye kubeba mifuko hiyo hiyo.

Nasi tulikuwa na ombi letu. Kando ya kikombe cha mshindi wa pointi tumeamua kuwe na Kombe la Ungwana, na tunataka makedi walitoe wao. Mchezaji anaweza kuwaficha wenzake watatu, kedi wake hawezi kumficha. Kedi ndiye anayejua nani alisogeza mpira kwa kiatu kichakani, nani alirusha fimbo, nani aliondoka kwenye bunka, lile dimbwi la mchanga, bila kulisawazisha, na nani alimkemea kijana wa watu kwa kosa lake mwenyewe. Mhazini aliogopa kwamba kedi anayemtegemea mchezaji kwa kazi ya kesho hatampigia mwingine kura. Kwa hiyo kura ni ya siri, kwenye sanduku, na itahesabiwa na walimu wa shule.

Mkuu wa makedi pia ametupa vijana wanne watakaowapelekea watangazaji habari za uwanjani: umbali, fimbo iliyotumika, mpira umelala vipi. Hakuna anayezijua kuliko wao.

Jumamosi, 6 Desemba

Kijitabu cha siku hiyo. Kurasa nane, na nakala ya Breli kwa wanafunzi.

Mwanakamati mmoja alitaka ukurasa wa kwanza uwe juu ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipomchukua Mambo nyumbani kwake Nairobi alfajiri na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Ni kweli kwamba watu wengi wakitajiwa jina lake hukumbuka hilo kwanza. Mimi nilipinga, na ninaandika hapa sababu zangu kwa kuwa mjadala ulikuwa mkali. Asubuhi ile aliongea akiwa ametekwa. Maneno yalikuwa ya wengine. Kumweka mtu kwenye ukurasa wa kwanza kwa maneno aliyosomeshwa chini ya bunduki, na kuuweka ukurasa wa tano mpira aliotangaza kwa hiari na mapenzi yake miaka na miaka, si kumheshimu. Agosti 1982 imo kwenye kijitabu, mahali pake katika mfuatano wa maisha yake, aya moja. Ukurasa wa kwanza ni Frere Town, na wa pili ni redio na kandanda.

Tumeweka pia maelezo ya enzi yenyewe, kwa ajili ya vijana. Harambee Stars, timu ya taifa, walipotwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, mbili za mwanzo zilichezwa nje ya nchi, na Wakenya wengi walizipata kwa sikio. Mtu mzima aliyekuwa hai wakati huo hukuelezea goli kama aliliona.

Jumamosi, 3 Januari 2026

Mfadhili aliyekuwa ameahidi mashimo kadhaa amejitoa. Alituarifu kwa ujumbe mfupi wa simu, mabango yake yakiwa yameshachapishwa. Hatutaki ugomvi naye na jina lake tutalihifadhi.

Wafanyabiashara wa soko la Kongowea walisikia habari hizo, wakachanga wao kwa wao na kununua shimo moja. Vijana wa bodaboda wa Kengeleni wamefuata na la kwao. Wengi wao hawajawahi kuingia uwanja wa gofu. Nilipowauliza bango liandikwe nini, mama mmoja muuza nazi alisema, "Andika tu: alikuwa wa kwetu." Limeandikwa hivyo. Mashimo yaliyobaki yamechukuliwa na ofisi mbili za mawakili na duka la dawa.

Jumamosi, 17 Januari

Shule zimefunguliwa na wanafunzi wamerudi kwa jaribio la pili. Tofauti ni kubwa mno. Binti wa Kisauni sasa huanza kila shimo kwa kulichora: umesimama hapa, bahari kuliani mwako, kaskazi inatoka mbele kuliani, bunka mbili kushoto, grini imeinuka na nyuma yake kuna mibuyu. Kisha hutaja anayepiga na kunyamaza. Mlio. Kisha hueleza mpira ulikopita na ulikolala. Kwenye muda wa kutembea, mwenzake huwahoji makedi, nao wana hadithi. Msichana wa "mbali wapi" hakuwa na swali hata moja katika mashimo matatu ya kwanza. Kwenye la nne aliuliza mibuyu ni mingapi.

Yule mvulana anayesikia milio ameingia kwenye matangazo rasmi. Atakaa na kipaza sauti karibu na shimo fupi, na kila mkwaju ukipigwa atasema umegongwa vipi kabla mtangazaji hajasema umeanguka wapi. Leo alipatia karibu yote. Alipokosea, mchezaji mwenyewe alikuja kumweleza kwa nini mlio ulimdanganya: uso wa fimbo ulikuwa na maji.

Tatizo lililobaki ni upepo. Kaskazi inapiga kwenye vipaza sauti na rekodi nzima inanguruma. Fundi amevivika sifongo na manyoya ya kukinga upepo, na tumekubaliana meza ya matangazo ikae nyuma ya ukuta wa bohari la mashine za kukatia nyasi.

Wanafunzi nao wameomba kucheza, wasiwe wasikilizaji tu. Hawaombi upendeleo. Tangu 2023 Kanuni ya 25 ya gofu inamruhusu mchezaji asiyeona awe na msaidizi wa kumwelekeza na kumwekea fimbo, na aguse mchanga wa bunka kwa fimbo kabla ya kupiga bila adhabu. Makedi wamejitolea kuwa wasaidizi. Tumeweka shindano la kuputi, yaani kuusukuma mpira kwenye grini hadi shimoni, saa nne, wakati wachezaji wakubwa wako katikati ya uwanja.

Jumamosi, 31 Januari

Nafasi 72 zimejaa, na kuna orodha ya wanaosubiri. Ada zote zimelipwa kabla ya siku, kama tulivyosisitiza. Mfumo ni Stableford, pointi kulingana na handikepu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kwa kiwango chake: shimo moja baya halikutoi mashindanoni, na hivyo mchezaji dhaifu na hodari wanashindana kwa haki.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika usiku, wote wameshaondoka.

Tulianza saa moja na nusu. Padri alisali na shehe akaomba dua. Kamati ilikuwa imeamua mapema kwamba hakutakuwa na dakika ya kimya. Badala yake binti wetu alisoma maisha ya Mambo hewani, dakika nne, huku wachezaji wamesimama kwenye mashimo yao wakisikiliza kwa spika, na nje ya lango watu wa bodaboda wamezima pikipiki. King'ora cha kuanza kikalia.

Matangazo yalikwenda kwa muda wa saa mbili kamili na redio ikatuongezea nusu saa kwa sababu simu za wasikilizaji zilikuwa haziishi. Wengi walikuwa wazee. Mmoja alipiga kutoka Kaloleni kusema hajawahi kuuona uwanja wa gofu maishani na sasa anaujua huu shimo kwa shimo. Mvulana wa milio alifanya kazi kwa utulivu wa ajabu. Mchezaji mmoja mwenye handikepu ya chini alipiga, akaukasirikia mkwaju wake, na kabla hajafungua mdomo redio ikasema: "Ameugonga na kisigino cha fimbo." Alicheka, akainua kofia kuelekea mezani kwetu, na mtangazaji akamwambia mvulana kwamba amepigiwa saluti.

Shindano la kuputi alishinda msichana wa "mbali wapi". Alitembea mstari wake mara mbili bila viatu, kedi akamwekea fimbo, akatumbukiza kutoka hatua saba. Watu walishangilia hadi kundi la shimo la jirani likalazimika kusubiri kupiga.

Kikombe cha pointi kimekwenda kwa aliyepata 41. Hongera kwake, amecheza vizuri sana.

Kombe la Ungwana ndilo nitakalolikumbuka. Kura za makedi hazikukaribiana hata kidogo. Kwenye shimo la 14 mchezaji mmoja alikuwa kichakani, wenzake wako mbali ng'ambo ya njia. Alipoweka fimbo nyuma ya mpira, mpira ukajongea. Alimwita mwenzake anayemwandikia kadi, akamweleza, akaurudisha mpira mahali pake na kujiongezea mkwaju mmoja. Pointi aliyopoteza ndiyo iliyomtoa kwenye zawadi za tatu bora. Hakumwambia mtu mwingine. Kedi wake ndiye aliyewaambia wenzake, na kijana wetu wa uanahabari akalisema hewani kwenye ile nusu saa ya nyongeza. Mchezaji alipoitwa mbele alikuwa anafunga kamba za viatu, hakujua kwamba ni yeye.

Jumanne, 17 Februari

Hesabu zimefungwa na kubandikwa kwenye ubao wa klabu, ubao wa shule, na ukuta wa ofisi ya soko la Kongowea. Pesa za mashimo yote 18 ziko kwenye akaunti ya shule. Ada zilitosha gharama na zikabaki kidogo, nazo zimefuata.

Shule imeagiza mashine za Breli na karatasi. Redio na vinasa sauti vimeshafika, na mwalimu anasema kinasa kimoja kinazunguka mabwenini kikirekodi mechi ya Jumamosi uwanjani kwao, watangazaji wakiwa wanafunzi wenyewe.

Yaliyobaki kwangu: kupeleka risiti kwa mkaguzi kabla ya mwisho wa mwezi, kukata rekodi ya matangazo shimo kwa shimo, kwa kuwa vyuo viwili vya uanahabari vimeiomba kufundishia, kuchapa daftari la maswali la binti wa Kisauni, kwa ruhusa yake na jina lake likiwa juu. Na kuulizia klabu kuhusu Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2027, kwa sababu Ramadhani mwaka ujao itakaribia zaidi na huenda tukalazimika kurudi nyuma hadi Januari.